Honda Pan European ya 1996 kwa bei chini ya Boxer mpya: niichukue au niiache?

Msafiri wa Jang'ombe (mwenye uzi)

Assalaam alaykum. Nnaomba ushauri wa watu wanaozijua mashine kubwa, maana hapa mtaani kila ninayemuuliza ananambia "chukua" bila hata kuuliza ikoje.

Kuna mgeni mmoja anakaa njia ya Paje kwenda Jambiani. Anarudi kwao Uholanzi na hataki kurudi na pikipiki yake. Ni Honda ST1100, ile inayoitwa Pan European, ya mwaka 1996. Ina masanduku yake mawili ya ubavuni, kioo kirefu cha mbele, kiti kipana cha watu wawili. Mita inasoma kilomita laki moja na elfu kumi na kitu. Aliiendesha mwenyewe kuja Afrika, akafika Dar, akaivusha kwa meli, safari yake ikaishia hapa. Anataka milioni mbili na laki tano. Kwa pesa hiyo Boxer mpya dukani huipati.

Mie nna XL125 ya zamani. Inanitosha kwenda kazini na kwenda shamba. Lakini tangu nikiwa skuli natamani safari ya kweli: kuvuka bahari, kushika njia ya Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa mpaka Mbeya, mke wangu nyuma na mizigo kwenye masanduku. XL kwa watu wawili haiwezi safari hiyo. Hii inaiweza.

Nimeikuta imefunikwa turubai chini ya mkungu nyuma ya nyumba, na ufukwe uko pale pale. Anasema haijawashwa tangu masika, betri imekufa, "ukitia betri itawaka". Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Pesa ninayo, si ya kukopa. Nipeni ukweli.

Bi Vespa wa Mpendae

Kabla ya injini: ina namba gani? Ya Z ya hapa Zanzibar, ya Bara, au ya kwao? Na kadi iko kwa jina la nani?

Msafiri wa Jang'ombe

Dada, namba ni ya Uholanzi. Kadi anayo, ya huko huko, jina ni lake. Anasema tutaandikiana mauziano kwa sheha na mambo yamekwisha.

Bi Vespa wa Mpendae

Sheha anashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani. Ushuru haufuti. Ngoja watu wa bandarini waje wakueleze, na mpaka waje usitoe hata arubuni.

Mwana wa Chalinze

Nipo Dar, naendesha mashine kubwa muda mrefu, na nataka nikupe upande wa pili kabla watu hawajakukatisha tamaa.

ST1100 si pikipiki ya kubahatisha. Honda waliitoa kuanzia 1990 mpaka 2002 ndipo wakaleta ST1300. Injini ni ya silinda nne kwa mpangilio wa V, cc 1084, ya kupozwa kwa maji, na nguvu yake ni karibu farasi mia. Haina cheni, ina shafti, kwa hiyo habari ya kukaza cheni na kununua sproketi kila mara huijui tena. Tangi linabeba lita 28 na liko chini ya kiti, si mbele ya mapaja, ndiyo maana uzito umekaa chini na ikishaanza kwenda inatulia kama meli. Polisi wa Uingereza waliitumia barabara kuu miaka mingi. Zikitunzwa zinavuka kilomita laki mbili bila kufunguliwa injini. Laki na kumi kwa mashine hii si uzee.

Kwa safari uliyoitaja, Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Boxer utafika, lakini mgongo utajua, na malori ya njia ile yatakusukuma kando mchana kutwa. Hii ukiwa na mtu nyuma na masanduku yamejaa unapanda Kitonga bila injini kulalamika. Ndugu yangu, hamu uliyonayo mimi naielewa. Usiidharau. Ila kagua.

Fundi wa Kwerekwe

Mdogo wangu, nimekaa na mashine za kila aina hapa Mwanakwerekwe, na chache kubwa za wageni zimepita mikononi mwangu. Nitakueleza cha kutazama, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mimi.

Kwanza matairi, kabla ya kuigusa injini. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2213, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 22 ya mwaka 2013. Tairi la namna hiyo hata likiwa na meno mazuri halifai kwa mashine inayokimbia, mpira umeshakauka. Sasa ndipo tatizo lenyewe linapoanza: ST1100 mbele inavaa 110/80 ya ringi 18, nyuma 160/70 ya ringi 17. Zunguka Darajani, zunguka Kwerekwe yote, utapata 2.75-17, utapata za XL, za Vespa za ringi 10 tele. Hizo za kwako hupati. Utaagiza Dar, na Dar nao pengine wataagiza nje. Jozi ikishafika mlangoni kwako na nauli yake na ushuru wake, inaweza kula nusu ya hiyo bei uliyotajiwa. Na tairi la nyuma la mashine nzito halidumu kama la Boxer.

Pili, kuwashwa. Ufike bila kumwambia saa kamili. Weka kiganja kwenye mabomba ya ekzosi kabla hajawasha. Yakiwa na joto, mtu ameshaipasha na unaonyeshwa mchezo. Ikiwaka ikiwa baridi ndiyo unaijua. Moshi wa buluu usiokatika, inakula oili. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata ikishapata moto na unanuka utamu, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mweusi, kabureta zinamwaga petroli. Na hii ina kabureta nne, zimezama katikati ya V, mpaka uzifikie umeshavua nusu ya nguo zake zote, yale mapande ya plastiki yanayoifunika. Petroli iliyolala humo tangu masika inageuka gundi na kuziba vijitundu. Kwa hiyo "ukitia betri itawaka" usiyachukue kama ahadi.

Tatu, umeme. Betri nzima ikiwa imetulia inasoma volti 12.6 au karibu yake. Injini ikiwaka na ukiivuta kidogo, testa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, oltaneta haichaji. Za mwanzo za ST zilikuja na oltaneta ndogo ya ampea 28, baadaye wakaweka ya 40. Ya 1996 iko mpakani, itazame mwenyewe usimwamini mtu.

Nne, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote: kutu. Mashine za Ulaya zimeshakula chumvi ya barabarani kwao wakati wa baridi, halafu hii imekuja kukaa Paje ikipigwa na upepo wa bahari, kaskazi ikitoka kusi inaingia. ST1100 inajulikana kwa ugonjwa huo: ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unaoza kwa ndani, rangi kwa juu inaonekana nzima. Chukua bisibisi, gongagonga upande wa chini kote. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya bati, na wakati mwingine bisibisi inazama. Ikizama, usimsikilize atakayekwambia tutachomelea. Mke wako anakaa juu ya chuma hicho.

Mengine ni madogo kwa hayo: sili za shokapu za mbele, diski, oili ya difu (itoe kidogo uitazame, chembe za chuma zikimeta ujue), na mkanda wa taimingi. Hii inaendesha kamshafti kwa mkanda, si cheni, na umri wa mkanda huwezi kuujua kwa macho. Omba risiti ya mara ya mwisho kubadilishwa. Namba ya fremu lazima ifanane na kadi. Za mtindo huu ndani ya namba utaona SC26.

Ukinipitia Jumamosi nitakuja nawe. Sitaki malipo, nauli tu na chakula cha mchana.

Mchake

Salamu kutoka Chake Chake. Mie swali langu ni tofauti na la mafundi. Hiyo mashine utaipanda wapi?

Unguja yote kutoka Nungwi mpaka Makunduchi kwa barabara huna safari ya kumaliza tangi. Hiyo yenye lita 28, hata ikila lita moja kwa kilomita kumi na saba, inakwenda na kurudi na petroli inabaki. Huku kwetu Pemba kisiwa kizima ni kilomita 67 kwa urefu. Na kila kijiji kina matuta. Mashine ya kilo mia tatu na ushei, tumbo lake liko chini, kila tuta unashuka gia, unapanda taratibu, unasikia limekwaruza. Nimewahi kumuona mgeni mmoja na BMW kubwa njia ya Konde kwenda Ngezi, pale lami inapoisha. Ilimlalia kwenye mchanga, watu wanne ndio walioinyanyua, na yeye mwenyewe alikuwa pande la mtu. Boxer haifiki nusu ya uzito ule.

Kwa hiyo unanunua mashine ya Bara na unaiweka kisiwani. Siku za kuipanda Mbeya ni ngapi kwa mwaka? Siku nyingine zote iko Jang'ombe inakula chumvi.

Mwana wa Chalinze

Mchake, kwa hoja hiyo hakuna mtu wa visiwani angekuwa na boti ya kufika mbali. Mtu ana haki ya chombo kinachomfikisha anapotaka hata kama hafiki kila wiki. Likizo moja ya wiki mbili nzuri inamkaa mtu maisha.

Mchake

Haki anayo, sikumnyima. Namuuliza awe na hesabu yake kichwani.

Wakala wa Malindi

Nimechelewa kuuona uzi huu lakini naona Bi Vespa ameshagusa penyewe. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Nieleze kitu ambacho wengi hawakijui mpaka wameshalipa.

Msafiri anayekuja na chombo chake kutoka nje kupita nchi na nchi haingizi chombo kwa kulipa ushuru. Anaingia kwa muda. Wengi wa Ulaya wanabeba kitabu kinachoitwa carnet de passages, kinachotolewa na vyama vya magari vya kwao na kina dhamana ya fedha nyuma yake. Kila mpaka kinagongwa mhuri wa kuingia na wa kutoka. Kina muda, kwa kawaida mwaka mmoja. Maana yake ni hii: chombo kimeruhusiwa kupita, hakijaruhusiwa kubaki. Kuuzwa hakiwezi mpaka kiwe kimelipiwa ushuru na kodi zake na kitabu kifungwe na forodha.

Asipofunga, mambo mawili yanatokea. Yeye kule kwao anadaiwa na chama chake, maana forodha wakidai, chama kinalipa halafu kinamgeukia yeye na dhamana yake. Na wewe huku una chombo ambacho kwa sheria ni bidhaa isiyolipiwa ushuru. Huwezi kupata namba ya Z. Huwezi kukata bima ya maana. Trafiki akikusimamisha Tunguu, kadi ya Uholanzi yenye jina la mtu aliyekwisha ondoka itakusaidia nini? Na siku ukitaka kuivusha kwenda Bara kwa ile safari yako ya Mbeya, utaipitisha hapa hapa Malindi mbele ya forodha. Unajipeleka mwenyewe.

Mauziano ya sheha ni karatasi nzuri, yana kazi yake, lakini kazi yake si hii.

Mwenye mashine ana njia nne tu za halali. Airudishe kwao. Ailipie ushuru hapa ndipo auze. Aikabidhi kwa forodha. Au iharibiwe mbele ya maofisa na apewe hati. Muulize ameshika ipi.

Na usisahau kwamba ushuru haukadiriwi kwa ile bei mliyopatana chini ya mkungu. Forodha wana namna yao ya kukadiria thamani, na umri wa chombo unaweza kuongeza mzigo badala ya kuupunguza. Nenda TRA pale, chukua namba ya fremu na picha ya kadi, ukae na ofisa akupigie hesabu kabla hujatoa shilingi. Kuulizia hakuna malipo.

Kijana wa Bububu

Jamani mbona mnamtisha mwenzenu? Mitaani kuna mashine ngapi zinatembea bila hayo makaratasi yote. Achukue, aende nayo taratibu, atapata namba mbele ya safari.

Bi Vespa wa Mpendae

Mdogo wangu wa Bububu, siku akigonga mtoto wa watu anayevuka kwenda madrasa, hana bima, chombo si chake kwa sheria, mwenye kadi yuko Ulaya. Ile familia italipwa na nani? Kwa hili sina mzaha hata kidogo. Nimeshakaa hospitali na watu waliogongwa na chombo kisichokuwa na karatasi, na nimeona wanavyozungushwa. Usimshauri mtu hivyo.

Kijana wa Bububu

Hapo sawa dada, sikulitazama kwa upande huo.

Msafiri wa Jang'ombe

Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Nimerudi na habari kamili, itakuwa ndefu kidogo.

Jumamosi nilikwenda na Fundi. Alibeba betri, testa, chupa ya petroli mpya, tochi na bisibisi moja kubwa. Tumefika mgeni hayupo, amekwenda dukani, kwa hiyo tulipata nafasi ya kuitazama bila maneno ya mtu.

Tairi la mbele lilikuwa zuri, la miaka ya karibuni. La nyuma lina nyufa ndogo ndogo kwenye mifereji. Namba ya fremu na ya kadi zinafanana, SC26 imo. Sanduku moja bawaba yake imeliwa na kutu, linafungwa kwa kamba. Nyaya za chini ya kiti, zile soketi za plastiki, Fundi alichomoa moja akanionyesha: shaba ndani imekuwa kijani kibichi na ilikuwa inapukutika.

Mwenyewe alipokuja tukamuomba ruhusa, tukatoa petroli ya zamani. Ilikuwa na rangi ya chai na inanuka kama vanishi. Tukatia mpya, tukaweka betri. Stata ikapiga, ikapiga, haikuwaka. Fundi akaiacha ipumzike, akajaribu tena na tena, mwisho ikashika, ikawa inatetemeka. Mgeni akafurahi sana. Mie pia, sitaki kusema uongo, ile sauti ilinipanda mwilini.

Fundi hakufurahi. Aliomba maji kwenye kikombe, akachovya vidole, akawa anarushia tone moja moja kwenye kila bomba la ekzosi pale linapotokea injini. Kwenye mabomba matatu tone lilichemka na kupotea hapo hapo. Kwenye la nne liliteremka polepole mpaka chini kama kwenye glasi. Akanambia silinda moja haifanyi kazi kabisa. Akasema inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa kabureta iliyoziba, inaweza kuwa vali, na kwa yote matatu nguo zote za mashine lazima zivuliwe ndipo ajue.

Chaji ilisoma 13.8, hapo haina tatizo. Feni ya rejeta ikawaka yenyewe ilipopata moto. Halafu akalala chini na tochi na bisibisi, akawa anagonga ule mkono wa nyuma. Kulia inalia vizuri. Kushoto, karibu na pale unapokutana na fremu, sauti ilibadilika nikaisikia hata mie niliyesimama. Bisibisi haikuzama, lakini rangi ilibanduka kipande cha upana wa kidole na chini yake chuma kimekuwa maganda.

Kisha nikamuuliza habari ya kitabu. Hakuficha. Alikitoa. Muhuri wa kuingia Tanzania upo, wa kutoka hakuna, na muda wake umekwisha zamani. Ameshaandikiwa barua na chama chake. Nikamueleza yale ya Wakala, naye akakaa kimya, kisha akasema alidhani akiuza tu tatizo linahama kwa mnunuzi.

Fundi wa Kwerekwe

Nithibitishe alivyosema. Injini yenyewe haikunitisha, ile silinda naiamini ni kabureta. Ningeifungua, ningeisafisha, ingepona. Ule mkono wa nyuma ndio siwezi kuupitisha. Mwingine uliotumika unapatikana Ulaya, lakini na wenyewe umekula chumvi ile ile; utaulipia usafiri mpaka hapa ukiwa hujui ndani yake kukoje.

Mwana wa Chalinze

Nimesoma yote. Kwa mkono ule na kitabu kile, mimi niliyekuwa naitetea nasema iache. Lakini nina swali: kama yeye mwenyewe atalipa ushuru na kukupa ikiwa na namba ya Z, na akapunguza bei kwa ajili ya ule mkono, utaichukua?

Msafiri wa Jang'ombe

Hilo ndilo nililokesha nalo. Nikakaa na karatasi. Bei aliyotaja, tairi la nyuma, ule mkono, kazi ya kabureta, mkanda wa taimingi ambao risiti yake hana, betri. Hapo ushuru sijauweka, nimesema alipe yeye. Imeshapita bei ya Boxer mpya na XL nyingine nzuri juu yake. Na hiyo ni kabla sijatoka nayo nje ya Jang'ombe. Mwaka wa pili tairi linataka jingine.

Jumatatu nilikwenda kuulizia forodha kama Wakala alivyonielekeza. Nilipokewa vizuri, nikakaa na ofisa, akanieleza hatua kwa hatua. Makadirio yao ya ushuru na kodi yalikuwa makubwa kuliko bei ya pikipiki yenyewe. Nilimpelekea mgeni karatasi ile. Hawezi kulipa, na mie siwezi.

Wakala wa Malindi

Ulifanya vizuri kwenda mwenyewe. Mwambie asiondoke nchini akaiacha chini ya turubai, deni litamfuata na mwenye nyumba wake ataingizwa kwenye mambo yasiyomhusu. Akitaka kuirudisha, kuna makontena yanakwenda Ulaya kutoka Dar, atafute nafasi ya kuchangia na wengine. Akishindwa, aende forodha aikabidhi kwa maandishi, apate hati ampelekee chama chake. Anaweza kunipitia ofisini, nitamuelekeza.

Bi Vespa wa Mpendae

Na wewe Msafiri, hamu ya Mbeya usiizike. Mashine kubwa zenye namba ya Z na kadi safi zipo, haziji kila siku, ukiwa na pesa mkononi na subira utakutana nayo. Si lazima iwe cc elfu moja. Kuna XR250 zilizotumika za Japani, tairi zake zinaelekeana na zetu, fundi yeyote anaifungua, na watu wawili inawabeba kwa mwendo wa kistaarabu. Utalala Morogoro, utalala Iringa, siku ya tatu umefika Mbeya. Haraka ya nini?

Fundi wa Kwerekwe

XR250 naiunga mkono. Ya kabureta moja, ya kupozwa kwa hewa, haina rejeta wala mkanda. Ukiipata niite kabla hujalipa.

Msafiri wa Jang'ombe

Nimemwambia leo asubuhi kwamba sinunui, na nimempa namba ya ofisi ya Wakala. Alinishukuru, akanipa mkono. Amesema ataikabidhi forodha, gharama za kontena hazimudu.

Fundi, nina kazi moja kwako: ile XL yangu sili za shokapu za mbele zinavuja na tairi la nyuma baada ya maneno yako nimelitazama DOT, la 2015. Nitakuletea Alhamisi. Mchake, nataka kuja Pemba na XL baada ya Idd, mie na mke wangu, kwa meli ya magari mpaka Mkoani. Njia ya Ngezi kwa watu wawili inapitika msimu huo?

Mchake

Karibuni sana. Mvua za masika zikiwa zimekatika inapitika, ila shusha upepo kidogo kwenye tairi ukifika mchangani na umshushe shemeji atembee pale penye mteremko. Petroli jazeni Chake au Wete, mbele ya Konde msitegemee. Nambie siku tu, nitakuja kuwapokea Mkoani na yangu.